Sauti ya Saa Mbili Kamili

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakuandikia mezani pa kazini, wenzangu wametoka kula. Ukiona mwandiko umeyumba ujue nimeficha karatasi mlango ulipolia. Hapa hakuna anayeshika kalamu. Wakinikuta watadhani naandika wosia.

Nyumbani tupo. Magoti ya mama ni yaleyale: akiketi anaomba kuinuliwa, akiinuka anatafuta pa kuketi. Anakusalimu sana. Ameniambia nikuulize kama unakula vizuri tangu upasuaji, na kama lile tundu la kooni limekauka. Mimi naongeza langu: bado hutaki simu? Ungekuwa nayo, maneno haya yangekufikia kabla sijafunga mdomo. Najua jibu lako. Ulisema sauti wamekwisha kuichukua madaktari, mwandiko humpi mtu.

Sasa shida yangu. Huu ni mwaka wa saba niko kwenye kampuni hii ya matangazo. Enzi zenu mtu mmoja alikaa mbele ya kipaza sauti na nchi nzima ikanyamaza. Siku hizi kila mtu ana redio yake, gazeti lake na televisheni yake, vyote ndani ya simu moja, na sisi tunapewa sekunde tano. Akipitisha kidole, tumekufa. Ukutani kuna skrini inayoonyesha wangapi wamepitisha kidole, na katika sekunde ya ngapi. Naitazama kutwa mpaka macho yanawasha. Watu wamechoka kutuamini, Mjomba, na sisi tumechoka kuwabembeleza.

Tumepata mteja mpya, anauza kinywaji cha unga cha watoto. Waliwauliza wazazi na mababu: ni sauti gani mliwahi kuiamini? Wengi hawakukumbuka hata jina. Wakasema, "Yule aliyekuwa akisema, sasa ni saa mbili kamili." Nikajikuta nimesimama katikati ya kikao. "Huyo ni mjomba wangu," nikasema. Chumba kizima kikageuka kunitazama.

Sauti yako imo kwenye kanda za zamani. Kompyuta inaweza kujifunza humo, halafu ikasema maneno mapya kwa sauti ileile, kana kwamba hukuwahi kuugua. Kinachotakiwa ni ruhusa yako tu. Karatasi nimeiambatanisha, mahali pa sahihi nimeweka alama kwa penseli.

Wako,
Kasuku
(jina ulinipa mwenyewe, kwa jinsi nilivyorudia matangazo yako wakati wa chakula)


27 Machi

Mpwa wangu Kasuku,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema. Aliyechelewa ni mimi. Sina cha kusingizia. Sikuwa mgonjwa, wala sikusafiri. Nilikuwa nimeketi.

Tundu limekauka. Nakula vya laini. Mazungumzo yangu yote ni kwa ubao mdogo na chaki, kama mtoto wa darasa la kwanza. Lina faida zake hilo: watu wakigombana hawaniiti shahidi. Mama mwenye duka hapa jirani huniuliza jambo, na kabla sijamaliza herufi ya tatu amekwisha kujijibu, amejibishia na ameshinda. Asubuhi nakwenda kwa kinyozi. Nywele zenyewe ziko wapi? Nafuata redio yake. Watangazaji wa siku hizi wanacheka kwanza, ndipo wanatafuta la kuchekesha.

Umenirudisha studio. Kile chumba kilikuwa stoo ya vitabu vya hesabu kabla hatujakipata. Tuligongelea ukutani trei za mayai ili sauti isiturudie, na sakafuni tukatandika kapeti kuukuu la ofisi ya mkurugenzi. Taa nyekundu ikishawaka, hata kumeza mate ni kosa. Matangazo yaliletwa yamepigwa chapa, wino bado unachafua vidole, na tulisoma papo hapo. Hakuna cha kurudia. Aliyenifundisha kazi aliniambia, "Tabasamu unaposoma. Hawakuoni, lakini mdomo uliotabasamu unasikika." Basi nikatabasamulia sabuni, betri, dawa ya mbu na viatu vya plastiki. Mtaa mzima ulikuwa na redio mbili au tatu, na watu wakijazana pale zilipo. Kwa kuwa tangazo lilifuata taarifa ya habari, na msomaji ni yuleyule, walilipokea kama habari. Walioleta matangazo walilijua hilo. Ndilo walilokuwa wakinunua.

Mwambie mama yako akande magoti kwa maji ya moto, tena asione uvivu.

Karatasi yako nimeiona.

Mjomba wako


6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama amekanda, na amelalamika kwamba maji ya moto hayamsaidii ila anakanda kwa sababu umesema wewe. Anakusalimu. Huku mvua imetukomesha. Maji yameingia hadi chumba cha chini cha ofisi, tumebeba mashine kwa mikono.

Niruhusu nikwambie kama mtoto anavyomwambia mjomba wake: "nimeiona" si jibu. Mkuu wangu wa kazi ananiuliza kila asubuhi kabla hata ya salamu. "Mjomba vipi?" Nami nasema, "Anafikiria." Jana akaniambia, "Mwambie afikirie kwa haraka, mteja anaweza kwenda kwingine." Wamenieleza kwamba kazi hii ikifanikiwa, kitengo kizima nitakiongoza mimi. Mjomba, nina miaka thelathini na saba. Nimewapita wote kwa kukaa na wamenipita wote kwa vyeo. Wanaonituma chai ni watoto niliowafundisha kazi.

Sikuombi utende lolote. Huna haja ya kusafiri wala kufungua kinywa. Ni mstari mmoja wa kalamu. Je, hutaki kusikika tena? Kila mara nikifikiria kwamba umekaa kimya huko na ubao wako, roho inaniuma. Nilidhani nakuletea zawadi.

Ndiyo au hapana, Mjomba. Nijibu upesi.

Kasuku


15 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua na huku ipo. Kinyozi amehamishia kiti chake karibu na ukuta kwa sababu paa linavuja.

Karatasi yako nimeisoma mbele na nyuma, na yale maandishi madogo nimeyasoma kwa kioo cha kukuzia. Nimeona wanachouza, na wanamuuzia nani.

Jibu ni hapana.

Usiniulize sababu. Na usimsomee mama yako barua hii. Mwambie tu nimemsalimu.

Mjomba wako


14 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena. Natumai hujambo, na kinyozi hajambo, na paa lake limezibwa, na mama mwenye duka bado anakushinda kwa hoja. Sisi tuko salama kabisa. Mvua zimekatika. Nimenunua viatu. Mama amepata jirani mpya, mwalimu mstaafu, wanabishana kutwa juu ya uzio na inamchangamsha.

Kazini mambo si mabaya. Wamenipa kile kitengo. Nimehamishiwa meza ya karibu na dirisha. Naona mpaka barabara kuu, na lile bango kubwa linalobadilika picha lenyewe. Nilidhani nitafurahi zaidi. Labda ni uchovu, nitalala Jumapili nzima.

Kuhusu lile jambo lako, usijali, nimekuelewa. Tuliache.

Jambo moja limenishangaza. Juzi Mama alikuwa jikoni na redio inalia kama kawaida. Ghafla akaizima. Nikamuuliza kulikoni, akasema betri zimekwisha. Mjomba, redio ile inatumia umeme. Tangu siku hiyo haijawashwa, na simuoni akicheka hata na yule mwalimu.

Jitunze sana. Niandikie unapopata nafasi. Si lazima iwe haraka.

Mpwa wako akupendaye


8 Julai

Kasuku,

Marahaba. Salamu za familia nitazileta mwisho kama zitakuwa zimebaki.

Jumanne asubuhi nilikuwa kwa kinyozi. Alikuwa akimnyoa fundi viatu. Redio ikapiga kengele, halafu nikajisikia mwenyewe. "Sasa ni saa mbili kamili. Ni wakati wa mtoto wako kunywa nguvu." Kinyozi akazima mashine. Fundi viatu akageuka, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Wakanitazama mimi, wakaitazama redio, wakanitazama mimi.

"Saa Mbili! Umepona!" Kinyozi akanikumbatia na nywele za watu mkononi.

Nikatafuta chaki. Nikaandika kwa herufi kubwa: SI MIMI.

"Mzee bado ana utani," fundi viatu akasema. "Sauti hiyo ingetupotea?"

Jioni mama mwenye duka akanionyesha kopo. Amemnunulia mjukuu wake, na makopo mengine mawili ameyapanga mbele kabisa ya rafu. "Wewe umeshasema, nani atabisha?" Nikamwandikia maneno yaleyale. Hakusoma. Alikuwa anamhudumia mteja, na mteja mwenyewe alikuwa anataka kopo.

Karatasi nilikurudishia bila sahihi. Kwa hiyo sahihi mliyo nayo najua imetoka mkono gani. Sitakuuliza. Nilikufundisha mwenyewe kuandika jina la ukoo wetu.

Sasa nikwambie langu, maana nimekunyima sababu na labda ningekupa usingefika hapa.

Ulikuwa na mdogo wako. Najua unamkumbuka, ulikuwa na miaka sita. Mwaka ule watu wa maziwa ya kopo walinunua dakika nzima baada ya habari ya saa mbili, kila siku. Karatasi yao ilisema: "Mama wa kisasa humpa mwanawe maziwa ya kopo. Maziwa ya kifua pekee hayatoshi." Niliisoma kwa miezi kumi na minne. Katikati ya miezi hiyo muuguzi wa kliniki alikuja kituoni mara tatu. Mara ya tatu hakuketi. Akaniambia, "Kaka, wananiletea watoto wamekauka kwa kuharisha. Kopo la wiki moja mama analinyoosha liwe la wiki tatu, anakoroga kwa maji ya bomba yasiyochemshwa. Nikiwauliza wanasema wamesikia redioni, kwako." Nikamjibu, "Mimi nasoma tu, dada. Siandiki." Akanitazama, akaondoka, hakurudi tena.

Wiki ile ile nilikuja kwenu. Mama yako alikuwa amempakata mtoto, na maziwa yamejaa mpaka yamelowesha nguo. Akaniuliza, "Kaka, ni kweli haya yangu hayatoshi?"

Maneno ya muuguzi yalikuwa bado masikioni mwangu. Nikamwambia, "Kama si kweli, ningeyasoma?"

Alianza kununua kopo. Mtoto alizikwa baada ya miezi miwili. Siku ya maziko nilikuwa na zamu, na ningeweza kubadilishana na mwenzangu. Sikubadilishana. Mama yako hajawahi kunitajia, wala mimi sijamtajia. Tunauliziana magoti na koo.

Nilipoamka hospitali sina sauti, watu walinililia. Mimi, Mungu anisamehe, nilipumua.

Mjomba wako


20 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara nne. Kazi yangu ni maneno, na nimeyakosa.

Ni mimi. Nilitia sahihi yako kwenye nakala iliyobaki kwangu, tarehe thelathini Aprili. Ile hapana yako ilinikuta nimekwisha. Ningeweza kusimamisha wakati ule. Tangazo lilikuwa halijatoka bado. Lakini walikuwa wameshanionyesha ile meza ya dirishani. Nikajiambia mzee hasikilizi stesheni za vijana, nikajiambia ni kinywaji tu, kina vitamini, imeandikwa kwenye kopo. Nimeandika mwenyewe hayo ya kwenye kopo, Mjomba. Sijui yametoka wapi. Waliniletea, nami nikayapamba.

Barua yako ya Julai niliisomea chooni kazini, maana ndipo pekee pasipo na kuta za vioo. Nikanawa uso nikaenda kwa mkuu wangu.

"Sahihi ya mjomba nimeighushi," nikamwambia.

Akafunga mlango. "Nani mwingine anajua?"

"Yeye mwenyewe."

"Atashtaki?"

"Sijui. Hana sauti."

Hata mimi nilipojisikia nikisema hivyo nilitaka ardhi inimeze. Akaniambia nirudi mezani, tuandae karatasi nyingine, tuiandike tarehe ya nyuma, wewe utie sahihi kweli na tuyamalize. Nikakataa. Nikaenda mwenyewe kwa mteja na barua yako ya hapana mkononi. Yule wa kwao hakuuliza kuhusu watoto wala kuhusu wewe. Aliuliza mara mbili kama magazeti yana habari.

Tangazo limeondolewa hewani. Usidhani nimeshinda. Siku nne baadaye walirusha jingine, maneno yaleyale kwa sauti ya mzee mwingine, ambaye hayupo, kompyuta imemtunga. Ukisikiliza haraka utadhani ni wewe. Makopo yanauzwa. Nilipofika kuchukua vitu vyangu, skrini ya ukutani ilikuwa inaonyesha kwamba wanaopitisha kidole wamepungua.

Sasa niko nyumbani. Nimepata kazi ya muda ya kuandika matangazo ya idara ya maji: mtaa gani utakatiwa, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Hakuna wa kupambiwa hapo. Nimeiomba redio ya huko kwenu isome maelezo mafupi kwamba sauti ile haikuwa yako. Wamesema watanijibu, na hawajanijibu. Kwa hiyo nimemwandikia mama mwenye duka barua yake mwenyewe. Imo humu ndani. Tafadhali simama hapo mpaka aisome yote.

Jingine. Ulinikataza, lakini nimemsomea Mama. Zote mbili, ya Mei na ya Julai. Sikuweza kuongeza kitu kingine cha kumficha. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna kitunguu, akaenda jikoni. Leo ni siku ya tisa hajasema lolote.

Sikuombi msamaha kwa barua.

Kasuku


3 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Anayeandika ni Kasuku, anayesema ni mimi. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asipambe. Akipamba nitajua.

Magoti yapo. Tuyaache leo.

Nimesikia barua zako. Umechukua miaka thelathini na moja kuniandikia, tena hukuniandikia mimi, umemwandikia mtoto. Lakini imefika.

Ya muuguzi sikuyajua. Nimeyajua mwezi uliopita. Nilidhani na wewe hukujua, kama mimi nilivyokuwa sijui, na kwa hilo nimekuwa nikikutetea kwa watu, hata kwa marehemu mume wangu aliyekataa kukutaja nyumbani mwake. Kwa hiyo sasa nimepata kazi mpya uzeeni, ya kukukasirikia upya.

Na la siku ya maziko unadhani sikujua ulikuwa wapi. Tulikuwa tumekaa ndani na wanawake, saa mbili usiku, watu bado hawajaondoka. Redio ya jirani ikaja kwa juu ya ukuta. Habari kwanza, halafu wewe. "Mama wa kisasa." Wifi yangu akainuka kwenda kuomba wazime. Nikamshika nguo. Nikamwambia, iacheni. Nilitaka nisikie kama utakohoa. Nilitaka nisikie kama kuna neno moja tu litakukwama. Nikahesabu maneno. Hukukwama, Kaka. Ulisoma vizuri sana.

Hilo ndilo lililonikaa. La kopo halikunikaa hivyo. Kopo nilinunua kwa mkono wangu, maji nilikinga kwa mkono wangu, na hayo nitaulizwa mimi. Lakini usiku ule ulisoma vizuri sana.

Mwezi wa sita nilipokusikia tena jikoni nilijua si wewe. Watu wote wanasema ni wewe, hata huyu anayeandika alinidanganya kwa kunyamaza. Mimi nimekua na wewe chumba kimoja, mkeka mmoja. Wewe ukisema uongo unavuta pumzi kabla ya neno la mwisho. Ile haikuvuta pumzi kabisa. Ndiyo maana niliizima, ilinitisha.

Sijakusamehe. Sitaki uandike tena, maana ukiandika unapanga vizuri kama ulivyosoma vizuri. Njoo. Basi la asubuhi linafika huku alasiri, Kasuku atakuja kukupokea, na chumba cha nyuma nimeshakifagia. Ubao uache hukohuko. Wewe utakaa, nami nitakusimulia mwanangu tangu alipozaliwa mpaka alipokufa: alivyolala, alivyocheka, meno yake mawili, usiku ule wa mwisho, yote. Ni miezi tisa tu, haichukui muda mrefu. Utanisikiliza mpaka nimalize.

Dada yako